Mwongozo wa Spika na Daftari la Ahadi

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama wa tawi. Tumeyapiga chapa kwa faida ya wasiohudhuria.)

Bwana Mwenyekiti, mabibi na mabwana, ndugu zetu wa visiwani,



Twakushukuruni kwa kutualika sisi watu wa maduka wa pwani ya Bagamoyo tuje tuseme mbele yenu. Mmetutaka tueleze jambo moja: mbunge anaposimama na kumwomba Spika mwongozo, yule raia aliyemtuma anapata nini? Swali hili ni letu na lenu pamoja, kwani katika Bunge la Dodoma wamo wabunge wa Bagamoyo na wamo wabunge wa Unguja na Pemba, na wote hunyoosha mkono kwa Spika mmoja.

Kwanza yatupasa tuijue kanuni, kwa sababu mwenye kudai haki bila ya kuijua sheria hurudishwa mlangoni. Katika Kanuni za Bunge za mwaka 2016, kanuni ya 68, fasili ya 7, mbunge aliruhusiwa kuomba mwongozo juu ya jambo lililotokea mapema humo Bungeni, ili Spika aeleze kama jambo hilo laruhusiwa na kanuni au haliruhusiwi. Spika naye alipewa khiari ya kujibu papo hapo au baadaye. Kanuni zilitolewa upya mwaka 2020, lakini jina la mwongozo na desturi yake havikupotea. Kwa hiyo kuomba mwongozo ni mfano wa mtu kumwuliza kadhi kama shahidi fulani akubalika. Si mashtaka yenyewe.

Lakini tazameni yanayotendeka. Kipindi cha maswali kikisha, husimama mmoja kwa ajili ya maji, wa pili kwa ajili ya ardhi, wa tatu kwa ajili ya bei ya korosho, wa nne kwa ajili ya wavuvi walionyang'anywa nyavu. Kila mmoja asema, "Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo wako." Na sisi tuliokuwa tukiwasikiliza redioni tangu enzi za Msekwa na Sitta, kisha Makinda, kisha Ndugai, kisha Dakta Tulia, twayajua majibu. La kwanza: jambo hilo halikutokea humu Bungeni. La pili: Serikali iko hapa na imesikia. La tatu: nitatoa mwongozo baadaye.

Tuwe na insafu, ndugu zetu. Jibu la kwanza ni la haki. Spika akimwachia kila mtu aseme atakalo wakati autakao, Bunge litageuka mnada wa samaki, na mwenye sauti kubwa ndiye atakayesikiwa. Hatumlaumu mlinzi wa mlango kwa kuulinda mlango. Tunalolalamikia ni jibu la pili. Mteja akituambia dukani, "Nimesikia deni langu," hatuhesabu kuwa amelipa. Twamwuliza: utalipa lini?

Na kanuni haikukosa mlango wa mambo mazito. Katika kanuni hizo hizo za 2016, kanuni ya 47 ilimruhusu mbunge kuomba shughuli zisimamishwe ili lijadiliwe jambo la dharura lenye maslaha kwa umma. Mwenye kupima kama ni dharura ni Spika. Nyinyi wa visiwani mwajua uzito wa mlango huo. Tarehe 18 Julai 2012, meli ya MV Skagit ilipozama ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja, Bunge lilikuwa katika mkutano wa bajeti, na liliahirisha shughuli zake. Siku ile hapana aliyesema kuwa msiba haukutokea ukumbini. Basi yawezekana. Lakini ipo dharura ya siku moja, na ipo dharura inayomla mtu miaka kumi, na hii ya pili ndiyo ikosayo mlango.

Sasa tuje kwetu Bagamoyo. Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi la bandari mpya pale Mbegani. Jirani zetu wa Pande na Mlingotini ardhi yao ilitakiwa kwa ajili ya mradi huo. Mtu ambaye nyumba yake imekwisha andikwa kwenye daftari la fidia hatii bati jipya wala hapandi mnazi, kwani hajui atavuna nani. Mwaka 2019, wakati wa mkutano wa bajeti, Spika mwenyewe, marehemu Job Ndugai, aliitaka Serikali iutazame tena mradi huo. Juni ya mwaka ule ule Rais John Magufuli akawaeleza wafanya biashara kwa nini ameukataa: wawekezaji walitaka dhamana ya miaka 33, wakodishwe kwa miaka 99, na bandari nyingine zisiendelezwe. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuwa mazungumzo yatafufuliwa.

Hatukuja hapa kusema bandari ijengwe au isijengwe. Twasema hivi: masharti yale sisi wenye kukaa juu ya ardhi ile tuliyasikia mwaka 2019, nayo yalisemwa katika mkutano wa wafanya biashara. Wabunge waliuliza, Spika akashauri, wakubwa wakajibizana, na mwenye mnazi akabaki barazani akingoja.

Na khabari hii si mpya katika mwambao. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliipa kampuni ya Kijerumani utawala wa pwani kwa mkataba wa miaka 50. Saini ilitiwa Unguja, lakini bendera ilikwenda kutwekwa Pangani na Bagamoyo kwa watu wasioulizwa. Vita vya Bushiri bin Salim vikafuata, naye akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mkataba usiosomwa mbele ya wenyewe huja kusomwa kwa khasara.

Kaskazini yetu yako mengine. Saadani ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na wenyeji wa Uvinje wamebishania mpaka wake miaka mingi. Na ile ardhi ya RAZABA, ambayo Serikali ya Zanzibar ilipewa miaka ya 1970 kwa ajili ya ranchi, ilikuja kuahidiwa kampuni ya sukari ya Eco Energy. Mradi ukafutwa, kesi ikaenda ng'ambo, na mwaka 2022 Tanzania ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 100. Swali likiulizwa mapema gharama yake ni karatasi moja. Likicheleweshwa, twalipa sote, wa bara na wa visiwani.

Basi twashauri mambo matatu.

Kwanza, wabunge wetu wauache mchezo wa kuomba mwongozo juu ya kila jambo ili wasikike jimboni. Waandike maswali kwa wakati, walete hoja binafsi, na jambo la dharura waliombe kwa jina lake.

Pili, twamwomba kila atakayekalia kiti cha Spika, awe nani, asitosheke na kusema kuwa Serikali imesikia. Na aitake Serikali itaje siku ya kujibu. Hilo ni katika uwezo wake, wala halimfanyi kuwa mpinzani.

Tatu, na hili ni letu wenyewe. Maneno ya Bunge huandikwa yote katika Taarifa Rasmi, na raia aweza kuisoma. Kila tawi liweke daftari la safu nne: nani aliomba, waziri gani aliahidi, siku gani, na kama imetimizwa. Duka hata likiwa dogo halikosi daftari la madeni, seuze nchi? Mbunge akirudi kuomba kura, asomewe ukurasa wake, awe wa chama tawala au wa kwetu.

Kiti cha Spika ni amana, na ulimi wa mbunge ni amana. Lakini kumbukumbu ni amana iliyo mikononi mwetu. Tukiipoteza, tusimlaumu mtu.