Mashine itasoma orodha gani?

(Mazungumzo mbele ya kamati za amani na viongozi wa mitaa)



Nimeombwa kusema juu ya akili bandia na namna itakavyogusa kazi za serikali. Wengine watasema: sisi umeme hatuna, hayo ni mambo ya Ulaya. Lakini mwaka 2018 mashine za kupigia kura zilikuja Kongo bila kungoja barabara zitengenezwe.

Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ya Togo iligawa msaada wa pesa kwa simu kupitia mpango wa Novissi. Baadaye kompyuta zilisoma picha za satelaiti na matumizi ya simu ili kukisia nani ni maskini zaidi. Pesa ziliingia moja kwa moja kwenye simu ya mtu. Hilo ni jema, na ningependa kuliona kwetu. Ila asiye na simu wala kadi ya mchaguzi, mashine haikumwona.

Uholanzi mambo yaliharibika. Ofisi ya kodi ilitumia programu kupima ni mzazi gani huenda anadanganya katika posho za malezi ya watoto, na kutokuwa raia wa nchi ile kulihesabiwa kuwa alama ya hatari. Maelfu ya wazazi walidaiwa warudishe pesa ambazo hawakuziiba. Januari 2021 serikali ilijiuzulu. Na kule kuna mahakama na magazeti yenye nguvu!

Sasa tujitazame. Sensa yetu ya mwisho ni ya 1984. Wengi wetu kitambulisho chetu ni kadi ya mchaguzi. Sheria ya uraia ya 1981 ilitaka mababu wawe nchini tangu 1885. Ile ya 2004 ikaleta mwaka 1960. Kati ya tarehe hizo mbili, mnajua wenyewe damu iliyomwagika huku mashariki.

Mashine hujifunza kutoka makaratasi ya zamani. Ikipewa orodha ambamo vijiji fulani vimekosekana, au majina ya watu fulani yametiliwa shaka, itarudia dhuluma ileile, tena upesi. Karani wa komini unaweza kumwendea na wazee wakushuhudie, mkabishana hadi jioni. Kompyuta utaibishia wapi? Na watu wasipopata wa kumuuliza, watamtazama jirani: ni kabila lile limetufuta.

Kwa hiyo serikali ikija kuandikisha watu, au sisi wa mashirika (tusijitoe), ulizeni: nani ataiona orodha hii? Aliyekosa jina amwendee mtu gani, na mtu huyo ana mamlaka ya kusahihisha?

Naomba kila kamati ichague watu wawili, mmoja awe mwanamke, wa kupokea malalamiko ya waliokosa kuandikwa. Tuwachague leo, kabla ya chai.