Matanga Yakiisha



Tarehe 7 Agosti, 1998, bomu lilipasuka penye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, likaua watu zaidi ya 200 na kujeruhi maelfu. Wengi waliposikia mshindo wa kwanza walikimbilia madirishani; wa pili ukawarushia vioo usoni, na baadhi yao wakapofuka.

Wahenga walinena, kifo cha wengi ni harusi. Lakini matanga yalipokwisha, kila nyumba ilibaki na pengo lake. Waliopofuka ikawabidi kuanza upya kama watoto: kutembea kwa fimbo nyeupe, kusoma kwa vidole maandishi ya nukta nundu, kutafuta kazi nyingine.

Mwaka 2001 mahali pale palifunguliwa bustani, na majina ya marehemu yamechorwa ukutani. Hawakusahauliwa.

Basi, ndugu zangu, mfiwa asiambiwe, "Jikaze," kisha akaachwa. Mwendeeni mwezi wa pili na wa tatu. Kaeni naye, fanyeni naye kazi ndogo ya mikono, litajeni jina la marehemu pasipo hofu. Mzigo hauondoki; lakini mabega yakizidi, hubebeka.