Breki za Pikipiki Iliyokwisha Tumika

Sisi wa reli hatuondoi gari la moshi hapa Voi kabla ya kujaribu breki. Mbona tukinunua pikipiki iliyokwisha tumika tunatazama rangi tu, kisha tunateremka nayo kutoka Wundanyi kwenda Mwatate, njia ya makona matupu?

Tushike kwanza mkono wa breki ya mbele, kama ni ya mafuta. Ukibonyea kama sifongo, mna hewa ndani. Ukiwa mgumu na breki haishiki, pedi zimeingia grisi au zimeng'aa kama kioo. Mafuta ya breki yakiwa meusi tuyabadili. Hunyonya maji, na mteremko mrefu ukiyachemsha breki hupotea kabisa. Nyuma, tukaze nati; ikifika mwisho na kanyagio bado linazama, viatu vya breki vimekwisha. Muuzaji akikataa tufungue gurudumu, abaki na pikipiki yake.