MANENO YA KATIBU KWENYE MKUTANO WA TAWI: MJI UKIJENGWA, MPANGAJI ANAHESABIWA WAPI?

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, ndugu wajumbe, wazee wetu, ndugu wanachama wote wa hapa Bukoba na mliotoka Muleba,

Wengi wetu tuna kibanja nyumbani na chumba cha kupanga mjini. Tunaishi Hamugembe na Kashai kwa sababu kodi ya huko tunaimudu. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilituangushia nyumba, tukainuka pole pole. Sasa Manispaa yetu imo katika miji 45 ya mradi wa TACTIC, kwa mkopo wa Benki ya Dunia: barabara, mifereji, masoko na stendi. Tunauunga mkono. Mto Kanoni ukifurika, magodoro yanayoanikwa ni yetu. Lakini barabara ikipita, kodi hupanda, na nyumba nyingine huvunjwa.

Tujue haki zetu. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinampa mwenye nyumba thamani ya ardhi na jengo, posho ya usumbufu, usafiri, na posho ya makazi, yaani kodi ya mwezi kwa bei ya soko mara 36. Kodi ikiwa sh. 100,000, posho ni sh. 3,600,000. Malipo yakipita miezi 6, kuna riba. Mwenye biashara hukokotolewa faida halisi ya mwezi mara 36, lakini faida huthibitishwa kwa hesabu. Genge lisilo na daftari litaonyesha nini?

Mpangaji wa chumba asiitegemee posho ya makazi. Hiyo inafuata jengo. Ila mradi wa Benki ya Dunia unafuata pia kiwango chake namba 5 cha mazingira na jamii, kinachotaka hata mpangaji anayehamishwa asaidiwe. Sharti awe amekuwepo na kuhesabiwa kabla ya tarehe ya ukomo. Anayehamia baada ya hapo hana dai.

Kwa hiyo tunaagizana:

1. Kila mpangaji awe na mkataba wa maandishi, na atunze risiti za kodi.
2. Kila mwenye genge, mama lishe na fundi aandike mauzo na matumizi kila siku. Asiyejua kuandika daftari aje ofisi ya tawi, tutamwelekeza bure.
3. Kibanja cha urithi ambacho hakijagawanywa, ukoo ukae sasa na kuandikiana, kabla mthamini hajafika.
4. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, twende wote. Tuulize tarehe ya ukomo, na jibu liingie kwenye muhtasari.
5. Mtu asitie saini fomu ya uthamini kabla ya kuisoma au kusomewa na mtu anayemwamini.

Hatuupingi mji mpya. Tulioishi hapa wakati wa tope, tunataka tuwepo hapa wakati wa lami.



Katibu wa Tawi
(Mjumbe, wasomee na wasio na simu.)