Saa Kumi na Moja Si Usiku



Mama mmoja wa Mzenga, mwalimu wa miaka mingi, aliniuliza: “Baba, nikienda sasa kusomea uuguzi, niketi na vijana niliowafundisha, si nitachekwa?”

Nilimkumbusha Mtakatifu Camillus de Lellis, askari na mcheza kamari. Alikwisha kupita miaka 30 alipoketi darasani pamoja na wavulana. Akapadirishwa mwaka 1584, akawauguza wagonjwa hata kufa kwake mwaka 1614. Leo ni msimamizi wa wauguzi.

Mwenye shamba la mizabibu aliwaajiri watu hata saa kumi na moja jioni. Na mgonjwa aombaye maji usiku wa manane hamwulizi muuguzi alianza masomo akiwa na umri gani.

Basi, tusimcheke anayeanza upya. Tumtunzie watoto, asome. Amina.