Nani Alipima?

Mmesikia, ndugu wasikilizaji, kwamba viwanda vitakaguliwa. Kinachotukosesha usingizi ni hiki: mkaguzi akifika, ataonyeshwa nini? Tunachelea ataonyeshwa cheti cha kipimo cha ethi. Kina mhuri, kimetundikwa ofisini kwa meneja. Sisi tunauliza, nani alipima?

Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, hauzungushi mota wala hauwashi taa. Ukikatika leo, kesho mashine itasaga kama kawaida na hakuna atakayejua. Wapo wanaoukata makusudi, wakauza shaba yake kwa kilo. Siku waya wa moto ukichubuka ndani na kugusa bodi ya mashine, bodi nzima inabeba volti 230. Ethi ikiwa nzima, umeme hupata njia ya ardhini na breka hukata. Isipokuwepo, breka haina habari, na umeme unangoja mkono wa kibarua aliyesimama kwenye sakafu yenye maji. Miliampea 30 tu zatosha kuhatarisha uhai wake. Balbu ya wati 60 hula zaidi ya mara nane ya hapo!

Jenereta nayo, inayowashwa umeme ukikatika, waya wake wa nyutro umeunganishwa na ardhi? Nani alipima?

Na alipima lini? Wakati wa masika udongo umelowa, mita inatoa jibu la kupendeza. Kiangazi udongo ule ule hukauka, na umeme haupenyi kirahisi. Cheti cha Aprili hakimkingi mtu Septemba. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo hapa Tanzania tangu 2003. Vyeti tunavyo. Karatasi haipimi ardhi!

Wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kiacheni cheti ukutani. Nendeni nyuma ya kiwanda, mfunue kishimo cha ethi, mwone kama klampu imeshika au imeliwa na kutu. Wenye viwanda, pimeni mbele ya wafanyakazi, muandike tarehe, kipimo na jina la fundi kwenye mlango wa chumba cha umeme. Na wewe kibarua, ukigusa mashine ikakutekenya, usikubali kuambiwa ni kawaida yake. Izime kwenye swichi kuu. Waite wenzako. Asiiguse mtu mpaka fundi aje na mita.