Nani Atapima Vifua vya Mlolongo?

Leo nataka tuzungumze kuhusu kikohozi, na kuhusu vijana wanaopaswa kukichunguza.

Hapa Mlolongo malori ya Mombasa yakipanga foleni, moshi wa dizeli hukutana na vumbi la viwanda vya simiti vya Athi River na la machimbo ya mawe. Kando ya barabara yuko mama anayechoma mahindi, uso juu ya makaa hadi usiku. Mtu akikohoa wiki baada ya wiki huambiwa ni vumbi tu, anywe maziwa. Maziwa huenda tumboni. Vumbi liko mapafuni. Simlaumu anayetoa ushauri huo. Kama hakuna aliyempima mgonjwa, jirani atasema nini kingine?

Tukifuata barabara hiihii kuelekea Nairobi, tunafika mtaa wa mabanda wa Mukuru. Huko watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wakishirikiana na wenzao wa Liverpool, waliendesha utafiti uitwao Tupumue. Waliwapima watoto zaidi ya 2,300 wa Mukuru na wa mtaa jirani wa Buruburu, wenye maisha ya nafuu. Watoto wa Mukuru walikuwa na dalili nyingi zaidi za kifua kubana na kutoa mlio. Ila waliokwisha kuambiwa na daktari kwamba wana pumu walikuwa wengi zaidi Buruburu. Yaani mtoto wa Mukuru anahangaika kupumua, na hakuna aliyemwambia anaugua nini.

Jambo hilo lisingejulikana bila watu waliofundishwa kazi. Kumwelekeza mtoto apulize kwenye spirometa, kifaa cha kupima mapafu, mpaka pumzi imwishie, arudie, kisha wewe ujue upulizaji upi ni sahihi na upi wa kutupa, si ujuzi wa kuokota. Hufunzwa na mtu aliyeshika kazi hiyo kabla yako.

Na sisi si wageni katika elimu hii. Wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ndio walioshiriki majaribio ya dawa za kifua kikuu yaliyochapishwa mwaka 1972, yakaonyesha kwamba tiba ya miezi 6 inaweza kutosha pale ilipokuwa miezi 18. Dunia nzima imefaidika. Hivi karibuni zaidi, uchunguzi wa kitaifa uliokamilika mwaka 2016 ulionyesha Wakenya 558 wenye kifua kikuu katika kila watu wazima 100,000, na kwamba karibu wagonjwa 4 katika 10 walikuwa hawafikiwi na huduma. Hesabu hiyo ilibadilisha namna tunavyowatafuta wagonjwa.

Mafunzo yapo. Tangu mwaka 2007 Chama cha Kifua cha Afrika, pamoja na kile cha Marekani, kimekuwa kikiendesha kozi iitwayo MECOR. Daktari kijana huja na swali kutoka wodini kwake, akafundishwa kulinyoosha, kulipangia utafiti, kuchambua takwimu na hatimaye kuandika makala. Ethiopia walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 walianzisha mafunzo ya miaka 2 ya udaktari wa kifua katika hospitali ya Tikur Anbessa, Addis Ababa. Walimu kutoka nje ndio waliosafiri. Wanafunzi walibaki na wagonjwa wao. Mpango huo naupenda kuliko yote.

Kwa maana kozi fupi, hata ikiwa nzuri namna gani, humrudisha kijana wetu kwenye foleni ileile ya wagonjwa. Atauchunguza ugonjwa saa ngapi? Hana siku ya utafiti, hana mshauri wa karibu, wakati mwingine hata spirometa hana. Swali alilokuja nalo linafia kwenye daftari. Hili linaniuma, kwa sababu akili tunazo.

Fedha je? Sheria yetu ya sayansi ya mwaka 2013 ilitaja asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Kiasi hicho hatujawahi kukifikia. Tumezoea kuegemea wafadhili, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, sote tuliona miradi ya afya ikikwama ghafla.

Kwa hiyo ninaiomba serikali ya Kaunti ya Machakos jambo moja. Chukueni daktari kijana mmoja na afisa wa kliniki mmoja hapa kwetu Mlolongo, Mavoko, muwape siku 1 kila wiki ya utafiti wa mapafu, spirometa, na mshauri kutoka KEMRI au chuo kikuu. Waanze na wachonga mawe, wapakiaji wa simiti na wachoma mahindi. Na mishahara ya siku hiyo iandikwe kwenye bajeti ijayo, kwenye mstari wake wenyewe, ambapo diwani yeyote anaweza kuisoma na kuuliza imekwenda wapi.